Hakimiliki ya Mama Mkwe

Maswali ya hisabati kwenye vitabu yamejaa watu wasio na maisha. Mtu ananunua matikiti themanini na hakuna anayeuliza anayapeleka wapi. Wanafunzi wangu wa darasa la tano, hapa Kibamba, walikuwa wakifika kwenye matikiti hayo wanasinzia. Nikaamua kutunga mafumbo yangu mwenyewe, nikimtumia mtu niliyekuwa naye karibu: mama mkwe.

Mama alitoka kwake Mwananyamala kuja kupumzika kwetu baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alisema atakaa wiki mbili. Basi nikaandika: "Bibi alikuja kukaa wiki mbili. Sasa ana wiki ishirini na mbili. Amezidisha wiki ngapi?" Nikatunga na la sukari, la bibi anayetia vijiko vitano kwenye kikombe kimoja cha chai, watoto wakokotoe mfuko utaisha lini. Darasa zima lilinyoosha mikono.

Nikayachapa vizuri, nikaweka jina langu chini ya kila ukurasa, nikayarusha kwenye kundi la wasapu la walimu. Huko tuna desturi moja: mwenzio akirusha kazi, unaandika "ubarikiwe mwalimu", unachukua, yameisha. Nilibarikiwa mpaka simu ikapata moto. Haukupita muda, kazi ile ile ikanirudia kutoka kwa rafiki anayefundisha Kimbiji. Jina langu halipo. Kila ukurasa una picha ya mwalimu wa shule jirani, kavaa suti, kakunja mikono, na chini yake kaandika: Haki zote zimehifadhiwa. Yaani ameiba, halafu akafunga na kufuli.

Ningelalamika nikachoka, lakini mwalimu mkuu wetu akatangaza kwamba shule za msingi za kata yetu zitachapa kijitabu cha mafumbo hayo, na jina la mtungaji litakaa juu ya jalada. Miaka yote hii ya kufundisha, jina langu lilikuwa limechapwa mahali pamoja tu, kwenye ratiba ya zamu. Lile jalada nililitaka jamani, sifichi. Tukaitwa ofisini mimi na mwenye suti, kila mmoja aje na ushahidi. Ujumbe wa kundini hujifuta kila baada ya wiki, kwa hiyo wangu haukuwepo tena.

Aliyewaka kuliko mimi ni mama. "Mwanangu, usikubali kabisa. Mie si nakuona kila jioni hapo mezani unaandika? Nakuja kuwa shahidi wako."

Alikuwa bado hajapata miwani ya kusomea, hivyo hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa kazi yenyewe. Nikamwambia asijisumbue, jua kali. Akavaa baibui, akatangulia mlangoni.

Mwalimu mkuu akamuuliza mwenye suti mawazo yale aliyatoa wapi. Akajibu kwamba alibuni tu. Mwalimu mkuu akasoma la sukari kwa sauti, akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, huyu bibi ni nani?"

Mama aliacha kujipepea. Nikisema kweli, nyumbani hapakaliki. Nikinyamaza, suti inakwenda kwenye jalada. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Ni mie," mama akasema. "Vijiko vitano. Muulizeni mwanangu huyu hapa."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. Mwenye suti akaomba radhi kwa sauti ndogo, na jalada likawa langu. Mama peke yake hakucheka.

"Huyu kachukua kazi yako bila kukuomba, ukakosa hata hamu ya kula," akaniambia. "Mie umenichukua mzima mzima, wilaya nzima inanipigia hesabu. Uliniomba lini?"

Mwenye suti akatikisa kichwa kukubaliana naye. Nilitamani kumrushia kifutio.

Jioni ile nikakaa naye na kurasa zangu. Nilikuwa na aibu, nikamwomba radhi, kisha nikaanza kumsomea moja moja nikiomba ruhusa. La sukari akaliruhusu. La kukoroma akaliruhusu, akasema tu niuongeze mkoromo sauti kidogo, usije ukadhaniwa ni wa mtu mgonjwa. Tukacheka wote wawili. Nikabakiwa na lile la wiki, nikalisoma haraka haraka.

"Hilo litoe."

"Watoto wanalipenda sana, mama."

"Najua, mwanangu," akasema. "Ila mie sikujua kama mnahesabu."