Nafasi ya Mama Mkubwa

Mama yangu aliimba wimbo wa kuchuma kahawa ukiwa na matobo. Anaimba mstari, ananyamaza, anaimba mwingine, ananyamaza tena, mikono ikiendelea kupepeta maharage uani kwetu Endabash. Utotoni nilidhani ndivyo ulivyo. Nilipokuwa mpiga piano kwenye hoteli ya watalii hapa Karatu, niliutungia muziki wa piano, na kwa kimbelembele changu nikayaziba matobo yote kwa manjonjo ya mkono wa kulia.

Nikamwita aje kunisikiliza nikifanya mazoezi ukumbini kanisani. Sikufika hata nusu.

"Acha! Nani huyo umemweka pale pa dada yangu?"

Nikaondoa mikono kwenye piano. Nilijua nina mama mkubwa aliyepotea, ila nyumbani hakutajwa. Siku hiyo mama alikaa benchi la mbele akanieleza. Dada yake ndiye alikuwa mwanzishaji shambani. Yeye anaanza, vibarua wenzake wanaitikia. Nyapara alikuwa na tabia ya kulitikisa debe la kupimia ili kahawa ishuke, iongezwe nyingine ya bure. Mama mkubwa akamtungia ubeti wa kumsema, wanawake wakaweka ndoo chini, wakagoma. Debe likaacha kutikiswa, lakini yeye akafukuzwa. Alipanda basi la Wasso kutafuta kibarua kingine, na hadi leo hakuna aliyemwona. Wenzake wakakataa mwanzishaji mwingine. Waliimba viitikio tu, na pale pake wakanyamaza, ili akirudi aikute nafasi yake.

"Ukipaziba pale, umemzika," mama alisema. "Mimi sijamzika."

Basi nikafuta manjonjo yangu yote. Nikabakiza viitikio, vizito, chini kabisa kwenye piano, na kati yake kimya. Weee, kimya kile kilinitesa! Nikiwa peke yangu ukumbini, mikono hewani, nilihisi kabisa mtu anavuta pumzi nyuma yangu. Nilikuwa nageuka kila mara. Niliogopa, sioni aibu kusema.

Jumapili ya kuupiga, baada ya misa, ukumbi ulijaa. Wanawake waliochuma kahawa na mama walikaa pamoja, vitenge mabegani. Nikapiga kiitikio, nikanyamaza. Nikapiga cha pili, nikanyamaza. Wale wazee wote walikuwa wanatazama mlangoni, na mimi nikajikuta natazama huko huko.

Kwenye nafasi ya mwisho sauti ikaanza. Ilikuwa ya juu, kavu, ya mtu anayeita wenzake walio mbali shambani. Nilidhani amerudi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nilipogeuka nikamwona mama amesimama, amefumba macho, anauimba ubeti wa dada yake mwanzo hadi mwisho.

Alipomaliza, wenzake hawakuitikia. Walikuwa wanalia, wamejifunika vitenge usoni, kama tunavyolia msibani. Ilibidi niitikie mimi.