Faili Wazi, Choo Kufuli

Juzi nilikuwa kwenye kaunta ya kliniki moja mjini Nyamira. Mbele yangu alisimama mama aliyetoka Suneka, akaipita Kisii nzima ili asikutane na anayemjua. Karani wa mapokezi akatazama kompyuta, akauliza kwa sauti, "Mama, ni zile dawa za virusi?"

Mama akavuta leso hadi machoni.

"Faili ya daktari umeifunguaje wewe?" nikamuuliza karani.

Fundi wa kompyuta aliyekuwa kando yake akamjibia: "Kompyuta zetu tumezitoa mfumo wa Windows tukaingia wa Linux. Ruhusa za zamani, za nani afungue nini, hazikuhama na faili, hata daktari akafungiwa nje. Nikawafungulia wote, kazi isisimame."

Kazi haikusimama, kweli. Mama ndiye aliyeondoka, bila dawa.

Nikaomba kwenda chooni. Nikaambiwa kina kufuli, na ufunguo anao daktari peke yake.