Sawasawa na Jogoo Namba Arobaini na Saba

Kaka yangu ni fundi redio, na watu wanamwita Sawasawa. Jina hilo hakupewa bure. Siku ya kuchukua kitu chako atakukabidhi na kutamka neno moja tu, "sawasawa," maana yake kimerudi kama kilivyokuwa, si zaidi wala si pungufu. Mama mmoja aliwahi kumletea redio yenye kitufe kilichopinda. Wakati wa kuifungua kitufe kikanyooka chenyewe. Kaka alipomaliza kazi alichukua koleo akakipinda tena, na mimi nilimwona kwa macho yangu mawili.

Nilimwona kwa sababu tumepanga chumba kimoja cha biashara. Upande wa dirisha kuna cherehani yangu na meza ya kukatia vitambaa, upande wa mlango kuna benchi lake na redio zilizotolewa matumbo. Katikati nimechora mstari wa chaki, na kila siku skrubu zake zinauvuka bila hodi. Kwa umri amenizidi miaka minne. Kwa akili tuyaache.

Basi, mpiga gitaa wa bendi moja ya harusi alileta pedali iliyokata sauti. Kwa asiyeijua, pedali ni kikebe cha chuma kinachowekwa sakafuni. Gitaa linachomekwa humo, mpigaji anakikanyaga, na sauti iliyokuwa laini inakwaruza hadi watu wanaacha kula. Hii iliitwa Koo Kavu. Juu yake amechorwa jogoo aliyepanua mdomo, na chini imeandikwa kwa mkono namba 47. Mtengenezaji wake wanamuziki humwita Profesa, ingawa hafundishi popote. Anatengeneza moja moja, kwa mikono yake, na ukiagiza leo utaipata mtoto wako akiwa ameshaanza kutembea.

Kaka akaifungua, akakuta saketi yote imezikwa ndani ya gundi nyeusi, ngumu kama ukoko wa chungu. Profesa alifanya hivyo makusudi, mtu asione nini kimeunganishwa na nini. Mtu mwenye busara angeirudisha. Kaka alivuka mstari wa chaki, akachukua kijisu changu cha kufumulia mishono, akaibandua gundi ile punje kwa punje siku tatu nzima. Akaona waya uliokatika, akaulehemu. Kazi ikawa imekwisha. Lakini macho yalikuwa yameshaona, na kwa kukosa karatasi akaichora saketi yote kwenye daftari langu la vipimo. Mpaka leo kiuno cha bibi harusi mmoja kina kapasita mbili.

Mpiga gitaa akauliza kama kaka anaweza kumtengenezea rafiki yake nyingine. Rafiki naye alikuwa na marafiki. Kaka akatengeneza kumi, na akazitengeneza anavyojua yeye: jogoo yuleyule, jina lilelile, namba 47 kwenye kila moja, kwa mwandiko wa Profesa. Ile ya mpiga gitaa ilikuwa na mkwaruzo pembeni, palepale mwenyewe alipoiangusha ngazini. Zote kumi zikapata mkwaruzo huo, kwa msumari na rula.

Siku za mwizi ni arobaini, yeye akaongeza saba. Wapiga gitaa wawili walikutana kwenye jukwaa moja, kila mmoja akaweka pedali yake sakafuni, na hapo wakaonekana jogoo wawili wenye namba moja na jeraha moja. Mtu akapiga picha. Kufikia asubuhi picha ilikuwa kwenye simu ya Profesa, na kufikia saa nne ujumbe wake ulikuwa kwenye simu ya kaka. Anakuja Jumamosi, na akithibitisha anachokiona atawatangazia wanamuziki wote kwamba Sawasawa ni mwizi. Polisi watafuata baadaye.

Polisi hawakumtisha. Neno mwizi ndilo lililomkaa kooni. Miaka thelathini na moja watu wanamwachia redio, televisheni, simu zenye siri zao zote, na hakuna aliyewahi kuhesabu skrubu. Akaacha kula. Alikuwa anashika chuma cha kulehemu bila kukichomeka kwenye umeme, halafu anashangaa risasi haiyeyuki.

"Kwani nimeiba nini?" aliniuliza. "Chake si bado anacho?"

Nilimwonea huruma, na nilitamani kumpiga na rula. Bahati nzuri nina mteja mwanasheria, nilikuwa nampunguzia sketi. Nikamweleza yote huku nina pini mdomoni. Alisema atahitaji kusoma zaidi, kama wanavyosema wote, lakini kwa haraka haraka aliona hivi: kama Profesa hakuwahi kusajili ubunifu wake na kupata hataza, itakuwa vigumu kumzuia mtu kuunganisha waya kama zake. Jina, jogoo na ile namba ni habari nyingine, kwa sababu hapo mnunuzi anaambiwa uongo kuhusu nani kaitengeneza.

Hilo mimi nililijua bila kwenda shule ya sheria. Watu wananiletea picha za magauni kila wiki, nishonee kama hili dada, na mimi nashona, kola ileile na mikono ileile. Sijawahi kushona lebo ya mtu mwingine shingoni. Nilipomwambia kaka hivyo alikuna kichwa. Akasema bila lebo gauni si litakuwa halijakamilika? Nikajua kazi ipo.

Jumamosi Profesa akaja. Nilitegemea jitu, akaingia mzee mwembamba mwenye sweta lililotoboka kiwikoni. Nikampa kigoda cha wateja. Kaka alikuwa amezikusanya pedali zote kumi kutoka kwa wenyewe, akazipanga benchini mstari mmoja. Profesa akaokota moja, akaigeuza, akaokota ya pili.

"Huu mkwaruzo ni wa nini?" akauliza.

"Ulikuwepo," kaka akajibu.

"Ukauweka mara kumi?"

"Kumi na moja. Wa kwanza haukutoka sawasawa."

Niliinama nikajifanya natafuta sindano. Profesa akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kikebe, akaonyesha kwa ncha yake rezista moja ndogo pembeni. Akasema hiyo haifanyi kazi yoyote, waya wake hauendi popote. Aliitia kama mtego wa kumnasa mwizi, na sasa amemnasa.

Kaka hakubisha. "Niliona haifanyi kazi," alisema taratibu. "Nikasema mtu mwenye mkono kama huu hawezi kuweka kitu bure, lazima ana sababu ambayo mimi sijaifikia. Nikaiweka kwa heshima."

Profesa akafungua mdomo kama jogoo wake. Nikaona ni zamu yangu, na mimi kunyamaza sikufunzwa. Nikamuuliza, shikamoo yake nikiwa nimeshampa, yeye kazi hii alijifunzia wapi. Akachezea tundu la sweta. Mwisho akakiri kwamba alifungua pedali ya mgeni mmoja aliyepita, miaka mingi iliyopita, akabadilisha vitu viwili vitatu. Hata yeye hakuomba ruhusa.

"Waya sikudai," akamwambia kaka. "Nakudai jogoo wangu, jina langu na mwandiko wangu. Nakupa siku saba. Futa vyote uandike vyako. Ukishindwa, nitawaambia watu nilichosema nitawaambia."

Kufuta kulichukua siku moja. Kuandika ndiko kulikotushinda. Kaka alikuwa hajawahi kukipa kitu jina. Kila alichokishika maishani kilikuja na jina lake na kilirudi nalo. Siku ya pili akapendekeza kikebe kiitwe Pedali. Siku ya nne akapendekeza Koo Lenye Maji. Siku ya sita hakupendekeza kitu, alikaa mbele ya vikebe kumi vitupu na macho yamemwiva, na kwa mara ya kwanza nikaacha kumtania. Nilimwambia aseme tu kitu hiki ni nani kwake. Akafikiri. Akasema si damu yake, maana hakukizaa, lakini kimeingia nyumbani na hawezi tena kukifukuza.

"Huyo ni shemeji," nikasema.

Akacheka mpaka akashika benchi. Nikachukua brashi nikamwandikia cha kwanza, SHEMEJI, kwa herufi kubwa, na kwa haraka yangu ile J ikatazama upande usio wake. Nilitaka kuifuta. Akanizuia mkono. Vingine tisa vyote vikaandikwa na J iliyogeuka, kwa sababu lazima viwe sawasawa, na ile rezista isiyofanya kazi akaiacha ndani. Profesa alipotumiwa picha alijibu kwa neno moja, "Haya," na hakumtangazia mtu yeyote chochote. Jioni hiyo kaka alikula sahani yake na nusu ya yangu.

Mwaka ukapita. Wiki iliyopita akaja binti mmoja mpiga gitaa, ana Shemeji anayekoroma. Kaka akaipokea, akaigeuza, uso ukabadilika. Jina lilikuwepo na J imegeuka vilevile, lakini brashi haikuwa yangu. Akaifungua. Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata rezista ya Profesa, ila kulehemu kwenyewe kulikuwa kama mtu katema uji. Nikasubiri alipuke. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtuliza, pamoja na lile la tembo na msamba kwa ajili ya huyo mwigaji.

Akampigia simu Profesa.

"Wamenikopi," alimwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba mtoto amezaliwa. Kisha akasikiliza, na uso ukashuka kidogo kidogo. "Ndiyo. Inauma. Kumbe ndivyo ilivyokuuma. Nisamehe, mzee."

Mchana kutwa alikaa akiyeyusha ule uji na kulehemu upya, nukta kwa nukta. Binti aliporudi akauliza kama ile ni Shemeji ya kweli, maana dukani alikoinunua waliapa. Nilimsubiri kaka aseme lile neno lake, maana kwa miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akikabidhi kazi bila hilo.

"Ulipoileta haikuwa yangu," akamwambia. "Sasa ni yangu."

Halafu akavuka mstari wa chaki, akachukua brashi yangu, na chini ya kikebe akaandika namba kumi na moja, kwa mwandiko mbaya ambao sijawahi kuuona popote.