Bamvua Halikumpata Babu

Kila nikipita duka la Jules Street wanapouza kamba wakavu, harufu yao hunirudisha kwenye chumba chetu cha Troyeville, Johannesburg, mwaka 2017, nikiwa na miaka minane. Mama alikuwa akisuka nywele humo humo ndani pamoja na jirani yetu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la mafuta.

Mjomba alipiga kutoka delta ya Rufiji. Babu alikuwa amezikwa kwenye kisiwa chembamba cha mchanga, kile kilichokinga mikoko na mashamba ya mpunga dhidi ya mawimbi. Bahari ilikuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Mikoko ya mbele ilikuwa imekufa ikiwa imesimama, chumvi imeingia kwenye mpunga, na kisiwa kikawa kinamegeka upande wa makaburi.

"Dada, bamvua kubwa linakuja wiki ijayo," alisema. "Litamchukua mzee."

Mama aliacha kusuka. Mimi nilijua Kiswahili cha kutumwa spaza, kiduka cha mtaani, tu, nikamnong'oneza jirani: "Bamvua ni nani?"

"Ba mvua? Sijue, mutoto yangu. Kwetu ba ni watu, labda ni watu ya mvua. Eish, watu mubaya!"

Nikaamini. Wiki nzima nilisukuma kiti mlangoni wasije wakatufikia na sisi. Mama alikuwa hali chakula vizuri, na simu haikumtoka mkononi.

Hatimaye ikalia. "Tumeshamhamisha, dada. Tumemzika bara, nyuma ya msikiti. Maji yamekuja jana yakakuta shimo tupu."

Mama akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo hao Bamvua wamekamatwa?" nikauliza.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanieleza kwamba bamvua ni maji kujaa kupita kawaida, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. "Zamani yalikuwa yanaishia kwenye mikoko, mwanangu. Sasa hayana pa kuishia."

Nilidhani yale machozi ni ya kicheko. Mama alifariki mwaka jana, tukamzika hapa hapa Johannesburg. Nilipochota udongo kumfukia, niliukuta mwekundu na mkavu hadi chini, mahali bahari isipoweza kumfikia. Nililia kama wengine, lakini kifua kikanilegea, nikapumua. Ndipo nilipojua Mama alilia nini siku ile, pale sakafuni.