Buni Kumi na Nne za Walburga

Kaka yake Alphonce alipojiua, ukoo ulimwambia padri kwamba amekufa kwa malaria, naye Walburga akanyamaza pamoja nao. Kwa hiyo watafiti walipofika Litumbandyosi kutafuta mtu wa kupita nyumba kwa nyumba na dodoso kuhusu kujiua, yeye, aliyekuwa mhudumu wa afya kwa miaka kumi na tisa, alikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Swali lililomkaa moyoni lilikuwa hili: katika siku kumi na nne zilizopita, ni siku ngapi ulitamani kufa? Kanuni iliagiza liulizwe faraghani, lakini faragha ingetoka wapi, mama mkwe yuko jikoni na watoto wamejaa mlangoni? Walburga akajitungia njia. Alimpa mtu buni kumi na nne za kahawa, akamnong'oneza swali, kisha akakinga kiganja ili arudishiwe. Kila siku mbaya, buni moja.

Mwanamke mmoja, Gaudiosa, alihamisha buni ya kumi na moja karibu na chanja la kuanikia kahawa, ndipo mumewe, Ladislaus, alipotokea shambani na mpini wa jembe. Msimu mzima alikuwa akimshuku mkewe kwamba anauza kahawa kwa kificho.

"Kumbe ni wewe," alimwambia Walburga, bila hata shikamoo. "Ndiwe unayenunua kahawa yangu."

"Ya kiganjani, baba? Hata kikombe haijazi."

Mpini ulimpata begani. Buni zikatawanyika. Ladislaus akamshika mkewe nywele na kumgonga kichwa kwenye nguzo ya chanja, mara mbili, hata damu ikaruka juu ya kahawa iliyoanikwa. Gaudiosa alipoanguka, mumewe alimpiga teke la mbavu.

"Buni hizi ni za nini?"

Walburga alijua kwamba sentensi moja ingetosha kumjibu. Lakini alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri. Akajilaza juu ya Gaudiosa na kupokea mapigo yaliyokuwa ya mwenzake. Pigo la tatu lilimvunja mkono wa kulia. Ulilia kama bua kavu la mahindi.

"Nimeuliza, ni za nini?"

"Ni siku," alisema Gaudiosa kutoka chini, mdomo umejaa damu. "Siku kumi na moja nilizotamani kufa, Ladislaus. Ongeza na ya leo."

Mpini ulibaki hewani. Hapo jirani yao Tobias alikuwa amekwisha kuruka ua. Akamkamata kwa nyuma, akambwaga, akamkandamiza goti mgongoni. Walburga hakungoja kuona majuto ya mtu. Alimshika Gaudiosa kwa mkono uliobaki mzima na kuteremka naye zahanati, kwa maana mwenye siku nyingi kiasi kile hakupaswa kuachwa peke yake hata saa moja. Baada ya matibabu, Gaudiosa alipelekwa Lituhi, ziwani, kwa dada yake Asteria, ambaye alilala naye chumba kimoja.

Siku ya tisa Walburga alirudi, mkono umefungwa plasta, amefuatana na Hyasinti, mwenyekiti wa kitongoji. Ladislaus alikuwa nje kwa dhamana, akingoja kesi yake Mbinga. Katika dodoso, mstari wa mwanamume wa nyumba ile ulikuwa mtupu.

"Mama, andika hakupatikana," alisihi Hyasinti. "Huyu ungemwacha na shetani wake."

"Amepatikana. Ameketi pale."

Ladislaus aliinuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kinga mkono."

Alimwambia maana ya buni na kumnong'oneza swali. Ladislaus alizihamisha polepole, moja baada ya moja, hadi kumi na tatu. Moja akabaki nayo.

"Na hiyo?"

"Ni siku ile niliyowapiga. Siku ile sikufikiri lolote."

Walburga aliandika kumi na tatu kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba. Bega bado lilimuuma, na hakuwa amemsamehe.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda zahanati. Wewe Hyasinti, pita upande wake ule mwingine, wala usimwache."