Taya la Mbuzi Kando ya Jino la Tumbili

Ule mwaka tumbili walimaliza mahindi yetu shambani nasi tukabaki kula ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni (ndiyo, cheka tu, wao mahindi, sisi ndizi), ndio mwaka niliaibika mbele ya maprofesa, na mpaka leo nikipita sokoni Kanja lazima mtu anililie meee, nami namwachia tu apite kwa sababu ni kweli.

Mjukuu wangu Igoki amepewa jina langu, kwa hivyo yeye ni mimi, ila mimi mwenye masomo. Nilipowaambia akina mama wa kanisa kwamba anasomea mifupa ya kale chuo kikuu walinionea wivu, lakini waliposikia ni mifupa ya tumbili, jirani yangu Mama Njeru akaangua kicheko.

"Tumbili? Si angekuja asomee hawa wako wa shambani, bure!"

Hiyo nikaenda nayo nyumbani.

Basi Igoki akaja nyumbani ana wasiwasi. Kesho yake angesimama kwenye ukumbi mmoja mjini Embu maprofesa wamsikilize, na wakiridhika wampeleke ng'ambo, kwenye visiwa vya upande wa Amerika, akachimbe. Nikamwambia, hebu nione hao tumbili wako. Akafungua kisanduku, akafunua pamba, akatoa jino. Moja! Dogo kuliko punje ya mahindi, na hata si lenyewe, ni mfano wake wa plasta.

"Cucu, hawa tumbili wa visiwani waliisha wote," akanieleza mimi bibi yake. "Lakini jino lao linafanana na la tumbili wa kale wa Amerika Kusini. Ndiyo tunasema walitoka huko, pengine wakielea juu ya miti iliyobebwa na mafuriko. Na mababu wa hao, kitambo sana, walitoka huku kwetu Afrika."

"Yote hiyo imesemwa na jino moja?"

"Jino linatosha, Cucu."

Linatosha! Mimi nimepakulia watu kwenye harusi tangu nikiwa msichana, na mgeni humwekei kiazi kimoja kwenye sahani umwambie kinatosha. Nikamwona akilini mtoto wangu amesimama mbele ya watu na hicho kijino, na Mama Njeru (nilikuwa nimemwalika, kiburi changu hicho) amekaa hapo akicheka. Igoki alipolala mchana nikaenda kwa mbwa, nikamnyang'anya taya la mbuzi tuliyemla Jumapili, nikalisugua kwa sabuni ya unga, nikalipaka udongo mwekundu lizeeke kidogo. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni kuongezea mboga.

Ukumbini, Igoki akihangaika na nyaya za kompyuta, nikalichomoa taya kwenye kiondo nikaliweka kando ya jino, kwenye kitambaa cheupe. Loo, lilipendeza! Watu wakajaa hapo, nami nikamgusa Mama Njeru kwa kiwiko nikamwambia, unaona sasa? Igoki akaanza kusema, akasema vizuri mpaka nikatoa leso, halafu profesa mmoja, mama mwenye miwani, akalichukua taya, akalinusa.

"Huyu tumbili," akasema, "amefuliwa lini?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Igoki, kama ni wewe umeweka hili hapa, tunaishia hapo. Hatuendi kuchimba na mtu wa kutudanganya."

Igoki akaangalia taya, akaniangalia mimi, na hakunitaja. Alikuwa ananificha! Mtoto anakubali kupoteza safari kwa ajili yangu. Nikasimama, kiondo kikaanguka, ndizi zangu za kuchemsha zikabingirika mpaka kwa viatu vya maprofesa.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Hata si tumbili, ni mbuzi! Tulimla Jumapili! Huyu mtoto hajui kitu!"

Ukumbi ukalipuka. Mama Njeru alicheka mpaka akashikilia kiti. Lakini Igoki akalichukua lile taya mkononi mwa profesa, akalinyanyua juu. "Profesa, ulijua si tumbili kabla ya kunusa, sivyo?"

"Nilijua. Meno haya ni ya kusaga majani."

"Basi Cucu amenisaidia. Jino halifichi lilikotoka, hata ukilipaka udongo. Ndiyo maana hili langu moja linatosha."

Yule mama akavua miwani akajipangusa machozi ya kicheko, na hapo ndipo nikajua mtoto ameshapata safari yake.

Jioni hiyo mkaza mwanangu akaniomba niongeze chumvi kwenye ndizi. Nikamwambia, "Mimi siongezi kitu. Kama ni kimoja, kikae kimoja."

Majuzi Igoki amepiga simu kutoka huko visiwani. Wamepata kamfupa ka kifundo cha mguu, kamoja tu, na furaha yake niliisikia mpaka kwenye mbavu.

"Cucu, hauna hata kwato nikaweke kando?"

"Mimi siongezi kitu. Kama ni kimoja, kikae kimoja."