Ukucha wa Bi Hesabu

Watu walimwita Bi Hesabu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka mitatu kazi yake ilikuwa moja: kila baada ya miezi miwili, maji yakishakupwa, aingie kwenye tope la magoti na kuhesabu miche ya mikoko iliyopandwa kwa msaada wa wafadhili. Miche ilikuwa maelfu. Yeye alihesabu viwanja ishirini tu vilivyozungushiwa kamba ya bluu, na kwa viwanja hivyo ishirini ofisi ya mradi ikaisemea pwani nzima.

Msimamizi alimfundisha mara moja, akiwa amesimama pakavu. Mche ukipukutisha majani, usikimbilie kuuandika umekufa. Ukwangue gome kwa ukucha, ukiona kijani ujue u hai. Bi Hesabu hakuwa mtu wa kulipua kazi. Kukwangua ile ya mashaka peke yake aliona ni uvivu, basi akaikwangua yote, kila safari, akijisifu moyoni kwamba yeye hakisii. Ukucha wa dole gumba aliufuga makusudi, mpaka dada yake akamtania kuwa ni bibi harusi wa kidole kimoja.

Huyo dada, mkubwa wake, aliishi nyumba ya mwisho kabla ya maji. Bahari ilishameza choo na nusu ya jiko. Awamu ya pili ya mikoko ingepandwa mbele ya mlango wake, mradi nusu ya ile ya kwanza ionekane hai. Kila mara alipouliza, Bi Hesabu alimwambia avute subira, mvumilivu hula mbivu.

Mbivu hazikuja. Katika kila miche mia ilibaki hai sabini, kisha hamsini, kisha thelathini, mwisho kumi na miwili. Kule nje ya kamba aliona kijani, lakini msimamizi alishamwonya: jicho hupenda kudanganywa, amini viwanja. Akaamini. Aliandika kumi na miwili huku roho ikimuuma, wala hakuongeza hata mmoja. Barua ikaja: upandaji umeshindwa, awamu ya pili imefutwa.

Alirudi kukusanya kamba. Katika kiwanja cha kwanza aling'oa mche mkavu, na kwa kuwa sasa hakuwa na haraka ya kuhesabu, akautazama. Kovu juu ya kovu, na uozo umeanzia hapo hapo. Akang'oa wa pili, wa kumi. Yote ilikuwa vile vile. Hatua moja nje ya kamba, mikoko isiyoguswa na mtu ilimfika kiunoni. Alikaa kwenye tope akalia.

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ripoti imeshapokelewa.

"Na nikiandika kwamba miche imeuliwa na mpimaji wetu, nani atatupa kazi tena?" aliuliza.

Alimkuta dada yake anafungua bawaba za mlango wa mbele, aondoke nao kabla bahari haijauchukua. Dada alipomwona uso, akamwambia asijilaumu, yeye alihesabu tu.

"Dada, niliiua mimi," alisema Bi Hesabu, akamweleza yote, kuanzia ukucha.

Dada aliendelea kufungua hadi bawaba ya mwisho ilipoachia.

"Shika huku," akasema.

Wakaubeba mlango wao wawili.